Anwani ya Kompyuta Isiyoonekana

Msimu wa alizeti ukifika, kiwanda chetu cha kukamua mafuta hapa Mandewa, Singida mjini, hujaa watu na magunia tangu alfajiri. Hesabu za magunia hayo zimo kwenye programu ya kizamani inayoelewana na Windows 7 tu, mfumo ambao Microsoft waliacha kuuhudumia Januari 2020. Basi tukaifuga ndani ya kompyuta mpya kwa VirtualBox: kompyuta pepe, haina kasha wala kioo chake. Mzee mwenye kiwanda hakuipenda tangu mwanzo. Mashine anazozijua yeye hunguruma na kutema mashudu.

Asubuhi moja dada wa mizani akapaza sauti: programu haifunguki kwake. Nikachungulia mipangilio. Fundi aliyetuhamishia kompyuta pepe alikuwa ameiacha kwenye NAT, na namba yake ni 10.0.2.15. Hapo inajificha nyuma ya mwenyeji wake. Intaneti inapata, ila wa nje akibisha hodi haitikiwi. Nikaihamishia kwenye briji, iombe namba yake yenyewe kwa ruta. Ikaja na 169.254 na mkia wake. Hiyo ni namba ambayo Windows hujipa baada ya kuomba anwani na kukosa jibu, sawa na mtu kujiandikia barua ya utambulisho.

"Kuna nini, kijana?"

"Haina anwani, Mzee."

Akanionyesha kibao cha namba mlangoni. "Serikali ilitugawia anwani za makazi 2022, kabla ya sensa. Hiyo haitoshi?"

Ushauri wa kuzima na kuwasha ruta ulitoka kila upande, hata kwa wapakiaji. Tukazima, tukawasha. Hali ikawa ileile. Ndipo nikafungua orodha ya ruta yenyewe, na humo nikakuta kijiji kizima. Ruta ilipangwa kugawa namba kumi tu, kuanzia 192.168.1.100 hadi 109, na zote zimeshikwa na simu! Nenosiri la waifai lilikuwa limeandikwa ukutani kwa maka peni, juu kidogo ya bei ya mashudu, na wakulima wanaosubiri zamu walikuwa wanaangalia mpira kwa raha zao. Ruta ilipowaka, simu zikawahi foleni. Tena namba ikishatolewa hushikiliwa saa 24. Mteja keshabeba madumu yake, yuko kwao Ikungi anakula ugali, namba yake bado imekaa Mandewa.

Nikaiandikia kompyuta pepe namba ya kudumu, 192.168.1.20, nje ya zile kumi ili isigombanie na mtu. Dada wa mizani akafungua programu, akaanza kupima.

Kisha nikabadili nenosiri. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Foleni iliyokuwa kimya tangu asubuhi ikagundua ghafla kuwa mashine inakamua polepole, jua ni kali, na mizani inapunja. Wa kwanza kuja ofisini kulalamika alikuwa Mzee. Katika zile namba kumi, mbili zilikuwa zake: ya simu, na ya tableti anayoangalizia katuni mjukuu wake.

Wateja wetu wa Ikungi, Mkalama na Manyoni, mashudu yapo na bei haijapanda. Nenosiri jipya analo Mzee. Mwombeni yeye, mimi niacheni.