Asilimia 27 za Ami

Katika ukoo wetu, aliyesoma hesabu haachwi ale pilau yake kwa amani. Ami yangu, mzee wa Mombasa aliyestaafu bandarini, ana kesi inayomkereketa tangu 2013, na kila Idi huniletea mimi.

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza robo ya kampuni ya simu ya Safaricom, hisa bilioni 10, kila moja shilingi 5. Watu walipanga foleni utadhani zinagawiwa bure, na wengine walikopa benki. Ami naye akanunua. Kabla mwaka haujazunguka, bei ilikuwa imeshuka hata chini ya 3. Ami aliuza kwa 3, akaapa hatarudia. Dada yake, yaani Shangazi, akanunua kwa 3 hiyo hiyo, akatulia zake hadi 2013 bei ilipofika 5.

Shangazi hana siri. Alitangaza mbele ya sinia kwamba amepata faida ya asilimia 67. Ami akaacha kutafuna.

"Mimi nilipoteza shilingi mbili, nikaambiwa ni asilimia 40. Yeye kapata shilingi mbili zile zile, imekuwaje 67? Hizo 27 kala nani?"

Alimshuku dalali kwanza. Alipogundua kwamba hesabu nimeipiga mimi, akanishuku mimi.

Nikamweleza kwa adabu: badiliko hugawanywa kwa bei ya mwanzo. Mbili kwa tano ni asilimia 40. Mbili kwa tatu ni 66.7, ndiyo Shangazi akaikamilisha kuwa 67. Ami akafikiri, akasema, "Basi yangu igawe kwa kumi, hasara ipungue iwe 20." Nikamwambia hairuhusiwi. "Ya dada yangu iliruhusiwaje kugawiwa kwa tatu?" Shangazi akacheka mpaka akapaliwa.

Binamu yangu, kijana wa chuo, akajitia kusuluhisha: bei ikishuka asilimia 40 kisha ikapanda asilimia 40, si inarudi palepale? Laiti angenyamaza. Ilibidi niandike nyuma ya bahasha: 5 hushuka hadi 3, na asilimia 40 ya 3 ni 1.20, kwa hiyo unafika 4.20 tu. Ami akavaa miwani, akaitazama bahasha, uso ukamng'aa.

"Kumbe na senti 80 zimeibwa!"

Sasa kesi ni mbili. Nawe msomaji, ukialikwa kwetu Idi ijayo ukaulizwa kazi yako, sema unafundisha jiografia.