Tumsifu Dalali wa Lori

Washairi wamewasifu wafalme, maharusi na hata majogoo. Dalali wa lori hakuna aliyemkumbuka. Ukimtaka, nenda Maili Moja, Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro. Hana ofisi, hana kibao, hana risiti. Ana simu mbili, kalamu ya kuazima, na uhakika ambao hata meneja wa benki hana. Mwambie unahamia Nairobi na una kabati, friji, vitanda na jiko la gesi. Hatauliza kilo wala hatakuja kuviona. Atatazama juu kidogo, kisha atakuambia: "Dada yangu, hiyo kazi ndogo. Gari ipo, kesho alfajiri tunapakia."

Kampuni zenye nembo hutuma mtu apite chumba kwa chumba na futi kamba, zikakuletea bei na mkataba wa kurasa nyingi. Dalali hakuchoshi na maandishi. Bima anaijua pia: ni ile stika ya gari.

Wala asidharauliwe kwa nasaba. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipokwama Bagamoyo akisaka wapagazi wa kumfikisha bara kumtafuta Livingstone, aliangukia mikononi mwa kijana wa Kihindi, ambaye kitabuni mwake anamwita Soor Hadji Palloo. Amemlalamikia weee: wapagazi wanachelewa, hesabu zimevimba. Kijana yule ndiye Sewa Haji Paroo, aliyekuja kuwa tajiri mkubwa wa misafara, na fedha zake zikajenga hospitali Dar es Salaam. Jengo la Sewahaji lipo Muhimbili hadi leo. Stanley akabaki na malalamiko. Mtafuta wapagazi akabaki na wodi.

Turudi Maili Moja. Alfajiri imekuwa saa saba mchana, fuso limefika, na vyombo vimepanda. Hapo ndipo dalali anapoanza kukufundisha jiografia. Wewe ulidhani Nairobi inaendewa Chalinze, Segera, Moshi, Arusha, Namanga. Yeye anakupa habari njema: "Tunapitia Kisarawe mara moja, kuna mzigo kidogo." Kisarawe iko nyuma, upande wa kusini, huko kwenye vilima vya Pugu, lakini nani asiyependa kuiona wilaya nyingine kabla ya kuihama nchi? Mzigo kidogo ni kitanda cha mninga cha sita kwa sita, jenereta, na maboksi ya marumaru ya mtu wa Arusha. Marumaru yanakwenda chini, kitanda juu ya kabati lako, na godoro lako linachomekwa katikati ili "vioo visigongane". Friji inalazwa. Mwenye friji akipiga kelele, tandiboi, aliyekwisha kujikalia juu yake akikaza kamba ya manila kwa meno, anamtuliza: "Mama, hata friji inahitaji kupumzika."

Siku hizi watu hununua vitabu vya kuwafundisha kupunguza vitu majumbani. Dalali anakupunguzia bila kitabu. Anaanza na glasi, anaendelea na miguu ya meza.

Mzani wa TANROADS pale Vigwaza nao ni neema yake. Gari lenye uzito wa tani 3.5 na zaidi sharti lipimwe, na magodoro hayajawahi kumtia mtu hatiani. Marumaru je? Basi mnapanga foleni, mnahamisha maboksi kutoka ekseli moja kwenda nyingine, na mwenye vyombo anajua kwa mara ya kwanza anasafiri na nini.

Lakini kipaji chake hasa kinaonekana kwenye sheria. Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamsamehe ushuru mtu anayehamisha makazi, kwa vyombo alivyokwisha kuvitumia, ilimradi viingie ndani ya siku 90 tangu afike, na muda huo unaweza kuongezwa hadi siku 360. Kampuni yenye haraka itakupotezea haki hiyo kwa kufikisha mzigo ndani ya wiki. Dalali anaiheshimu sheria. Akiweza atazitumia siku zote.

Na pale Namanga, ambapo maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, orodha aliyokuandikia nyuma ya karatasi ya vocha inasema: "Vyombo vya ndani, mchanganyiko." Ofisa anaisoma, anaigeuza, anaisoma tena. Kisha turubai linafunguliwa na sufuria zinahesabiwa moja moja mbele ya abiria wa mabasi. Wengi wetu tungeishi na kufa bila kujua tuna vifuniko vingapi.

Yeye wakati huo hayupo. Alikwisha kuchukua cha juu kwako, akachukua na kwa dereva, kabla gari halijavuka Mlandizi. Ukimpigia kuuliza mguu wa meza anajibu kwa upole: "Dada, mwenye gari ni dereva. Mimi nimewaunganisha tu." Wiki mbili baadaye anapiga mwenyewe, kwa hela yake, na sauti ya ndugu: "Umefika salama? Tunamshukuru Mungu. Sasa hapo Nairobi hakuna mtu anayehamia Kibaha? Gari isirudi tupu."