Umeme Ukirudi, Swichi Inakumbuka Nini?

Swichi ya mtandao wa hifadhi ni kisanduku chembamba kinachokaa kati ya seva na kabati la diski. Kazi yake ni kuamua nani amwone nani: seva ya mishahara izione diski za mishahara, na seva ya barua pepe isizione hata kwa bahati mbaya. Uamuzi huo haumo kwenye chuma wala kwenye nyaya. Umo kwenye mipangilio, yaani maandishi ambayo fundi ameyaingiza mstari kwa mstari, mara nyingi usiku, watumishi wakiwa wamekwenda zao. Chuma kikifa, kingine kitanunuliwa. Mipangilio haina duka.

Maandishi yenyewe si marefu, ila hayatamkiki. Kila kadi ya seva na kila mlango wa diski una utambulisho wa tarakimu 16 za heksadesimali, kwa hiyo mafundi huupa lakabu. Lakabu hupewa kwa haraka na hudumu kwa miaka. Ile iitwayo seva_mpya huendelea kuitwa hivyo mpaka seva inazeeka, kisha inakuja seva_mpya2, na baada yake seva_mpya_kweli. Swichi nyingi pia zina lakabu moja iitwayo usiguse. Hakuna anayejua inahusu nini, aliyeiandika amekwisha hama, na kwa kuwa imeandikwa usiguse, ndiyo iliyotunzwa kwa uaminifu kuliko zote.

Tatizo kubwa ni kwamba swichi ina kumbukumbu mbili: ya kutendea kazi sasa hivi, na ya kuwakia kesho. Kwenye swichi za Cisco, mabadiliko mengi huhitaji amri ya copy running-config startup-config ili yavuke kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Kwenye swichi za Brocade, kanda (makundi ya wanaoruhusiwa kuonana) zilizohaririwa hukaa hewani mpaka fundi aandike cfgsave au cfgenable. Asipoandika, mashine hainuni. Kwenye Cisco, mabadiliko hufanya kazi vizuri hata bila kuhifadhiwa, mkubwa wa ofisi hutoa pongezi, na fundi hulala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Katika miji ambako umeme haukatiki, usahaulifu wa namna hiyo huweza kuishi miaka mitano bila kugunduliwa. Kisangani haimpi mtu nafasi hiyo. Jiji la watu zaidi ya milioni moja hutegemea kituo cha maporomoko ya mto Tshopo, kilichojengwa zama za Wabelgiji, miaka ya 1950, na mashine moja ikilala kwa matengenezo, mitaa hupokezana giza. Kwa hiyo ukaguzi wa mipangilio hufanywa na umeme wenyewe, bila barua ya taarifa. Taa huzimika, betri za dharura hupokea, jenereta, yaani grupu, husubiriwa. Ufunguo wa grupu uko kwa papa mlinzi, papa mlinzi yuko mtaani Mangobo msibani, na mafuta yaliyoandikwa kwenye daftari si yale yaliyomo ndani ya tangi. Betri hukata pumzi. Saa mbili baadaye umeme unarudi, swichi inawaka ikiwa na uso mkunjufu, na haikumbuki lolote lililofanywa tangu mara ya mwisho mtu alipohifadhi. Seva ya uhasibu inaamka haina diski. Wa kwanza kulaumiwa huwa ni diski, wa pili kirusi, wa tatu mama anayefagia chumba kile. Aliyesahau neno moja hufikiwa jioni.

Kinga ya kawaida ni kuwa na swichi mbili zinazojitegemea, njia A na njia B, ili moja ikianguka nyingine ibebe mzigo. Kinga hiyo ina kichekesho chake. Fundi hurekebisha A, huona mambo yanakwenda, na huahirisha B hadi kesho. Kesho hiyo huja siku A inapozimika.

Kisha kuna nakala ya akiba. Brocade ina amri ya configupload, inayotoa mipangilio kama faili la maandishi na kulipeleka kwenye mashine nyingine. Faili ni dogo kuliko picha moja ya simu, hivyo hakuna anayeweza kusingizia ukosefu wa nafasi. Makosa huwa kwenye mahali pa kulitunza. Kosa maarufu kuliko yote ni kuliweka kwenye diski ambayo njia yake pekee ni swichi ileile: ufunguo umefungiwa ndani ya sanduku lake. Linalofuata ni kompyuta ya mkononi ya fundi, ambayo husafiri naye kwenda Kinshasa harusini. La tatu ni flashi, kifaa cha jumuiya, ambacho hukopeshwa kwa kuchapisha barua moja na hurudi kimejaa rumba.

Kanuni inayoheshimika ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na jengo. Kisangani imejaliwa jiografia inayofaa: Lubunga iko ng'ambo ya mto Kongo, na mafuriko ya chumba cha mashine kilichoko mtaani Makiso hayawezi kuufuata mtumbwi. Toleka, yaani teksi ya baiskeli, mpaka ufukweni, mtumbwi mpaka ng'ambo, na nakala iko salama, mradi flashi ifungwe kwenye nailoni na faili lifungwe kwa neno la siri, kwa kuwa ni ramani kamili ya mfumo.

Majina ya mafaili yanataka tarehe. Faili liitwalo mwisho hufuatwa na mwisho_kabisa, halafu hakuna ajuaye lipi lilitangulia. Saa nazo zina ugomvi wake: Kisangani iko saa moja mbele ya Kinshasa, hivyo fundi wa huku akisema kosa lilitokea saa nne na wa kule akiapa ilikuwa saa tatu, wote wawili hukesha wakitafuta makosa mawili. Dawa ni kuziweka swichi zote kwenye saa moja ya kimataifa, UTC.

Programu kama RANCID huweza kuchukua nakala kila usiku na kuonyesha mstari uliobadilika. Hutuma barua panapotokea badiliko, na kwa kuwa mara nyingi badiliko ni dogo, barua hizo hazisomwi. Hata zile zinazosema nakala imeshindikana kwa sababu neno la siri limebadilishwa.

Siku ya kurejesha ndiyo inayofichua mengine. Swichi mpya hushuka kwa ndege kwenye uwanja wa Bangboka, au hupanda mto kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700. Ikiwa ni Brocade, hufika na anwani ya kiwandani, 10.77.77.77, na namba ya utambulisho ambayo huenda tayari inatumiwa na mwenzake, jambo linalozifanya zikatae kuungana. Swichi ya mitumba hufika hata na kanda za mwenye nayo wa kwanza, kwa hiyo hufutwa kabla ya kuunganishwa. Kupakia mipangilio kamili huhitaji kuizima swichi kikazi kwanza, hivyo hufanywa njia moja baada ya nyingine. Maneno ya siri hayamo kwenye nakala ya Brocade. Huandikwa kando na kufungiwa. Karatasi inayoonyesha waya upi unaingia mlango upi huwekwa kwenye plastiki, maana unyevu wa Kisangani hubandua lebo yoyote iliyoandikwa kwa matumaini. Swichi mpya ikishapokea kazi, mipangilio huhifadhiwa, nakala mpya huchukuliwa, na swichi ya zamani hupelekwa kuinua printa ya ofisi ya jirani.