Mito 7 iliyoichora Tanzania: kutoka wa mkiani hadi bingwa

Serikali imeigawa nchi kwa mikoa, lakini kwenye maji inafuata mito: Tanzania ina mabonde 9, kila moja na bodi yake. Basi tuishindanishe mito saba. Kigezo ni kimoja tu: mto gani umeamua zaidi watu wake wale nini, wapite wapi na waitwe nani? Nimelipanga jedwali hili kwa macho ya mtu wa Kagerankanda, Kasulu, na nitalitetea popote.

7. Mara. Unatoka Mau, Kenya, na umeupa mkoa mzima jina. Tatizo ni kwamba nyumbu wamechukua sifa zote. Hukumu: staa wa picha, pointi chache.

6. Ruvu. Mfupi, lakini ukipungua Dar es Salaam nzima inabeba ndoo. Muulize aliyepitia mgawo wa maji wa mwishoni mwa 2022. Hukumu: mdogo mwenye amri.

5. Ruvuma. Umetenga Tanzania na Msumbiji, kisha mwaka 2010 Daraja la Umoja likawaunganisha tena majirani. Hukumu: mpaka mwenye adabu.

4. Bubu. Mnacheka? Mto huu wa Dodoma hauna haja na bahari. Unaingia kwenye kinamasi cha Bahi na safari imeisha. Lakini katika nchi kavu ya Wagogo, kuna watu wanavuna mpunga! Hukumu: haujafika popote, na umeshiba.

3. Kagera. Hapa tuvue kofia. Baada ya vita vya 1978–79 na Uganda, Mkoa wa Ziwa Magharibi ulibadilishwa jina ukaitwa Kagera. Kule Rusumo, Ngara, maji yake yanazalisha megawati 80 kwa ajili ya nchi tatu: Tanzania, Rwanda na Burundi. Halafu yanapita Ziwa Viktoria, yanashika Nile na kumwagika Mediterania. Hukumu: mwanadiplomasia.

2. Rufiji. Najua, wengi mliuweka wa kwanza. Bonde lake ni karibu moja ya tano ya Tanzania Bara: mpunga wa Usangu, miwa ya Kilombero, mikoko ya delta ambako meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha hadi ikaangamia mwaka 1915. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Lakini tawi lake, Ruaha Mkuu, limekuwa likikauka kiangazi tangu 1993, kwa sababu kule juu Usangu kila mtu anataka maji kwanza. Bingwa gani anaishiwa pumzi kipindi cha pili? Hukumu: tajiri mwenye madeni.

1. Malagarasi. Tulieni, nina hoja.

Unaanzia milimani karibu na Burundi, si mbali na Ziwa Tanganyika. Mto mwingine ungeteremka tu ziwani. Huu unalipa mgongo ziwa, unapanda kaskazini ukifuata mpaka wa Burundi, unakunja upande wa Kibondo, unajitandaza kwenye vinamasi vya Moyowosi, kisha ndipo unageuka magharibi kupitia Uvinza kwenye chumvi ya karne nyingi na kuingia ziwa lilelile. Ukaidi wa namna hii unastahili kombe.

Eneo lake oevu, la Malagarasi-Muyovozi (ndiyo Moyowosi), lilikuwa la kwanza Tanzania kuingia Ramsar, orodha ya kimataifa ya maeneo oevu, mwaka 2000. Lina kilomita za mraba 32,500. Wabelgiji walioishika Kigoma hadi 1921 walikuwa jirani wa eneo oevu kubwa kuliko nchi yao!

Na safari haiishii hapo. Maji ya ziwa hutoka kwa mto Lukuga, pale Kalemie, hadi Kongo na Atlantiki. Kwa hiyo mvua ya Ngara inaelekea Mediterania, ya Kasulu inaelekea Atlantiki, na watu wa pande hizo mbili wanakutana kwenye gulio moja. Rufiji una hilo?

Hukumu: bingwa. Ila bingwa analindwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na sisi wenye mashamba ya mahindi na maharage huku juu ndio tunaoamua maji yafike Moyowosi yakiwa safi au yakiwa tope. Jembe liishie mita 60.

Wa Rufiji, leteni ubishi wenu. Megawati peke yake sizipokei.