Barua ya Wazi kwa Kampuni ya Apple Kuhusu Kishikwambi Kisichoshika Mtandao

Kwa Kampuni ya Apple,
Cupertino, California,
Marekani.

Kumb. Na.: Haikupatikana, mtandao ulikatika.

YAH: iPAD YA MWAKA 2010 NA MAWIMBI YALIYOIKIMBIA

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Kampuni si ngeni katika fani ya barua ya wazi, kwa kuwa mmoja wa waanzilishi wake, Steve Jobs, aliandika moja Februari 2007 kuhusu muziki wa kidijitali na nyingine Aprili 2010 kuhusu programu ya Flash, na katika zote mbili alizieleza kwa ufasaha kasoro za watu wengine. Barua hii inafuata nyayo hizo, isipokuwa kwamba kasoro zinazoelezwa humu ni za Kampuni yenyewe, jambo ambalo huenda likaleta ugumu wa kusomeka huko Cupertino kwa sababu ya ugeni wake.

Kishikwambi, yaani kompyuta bapa inayoendeshwa kwa kugusa kioo chake kwa vidole, ambacho Kampuni ilikipa jina la iPad, kilitambulishwa San Francisco tarehe 27 Januari 2010 kwa sifa za kimiujiza na kimapinduzi, kikaingia madukani Marekani tarehe 3 Aprili, na kwa tangazo la Kampuni yenyewe vikauzwa zaidi ya 300,000 siku hiyo moja. Toleo la bei ya chini kabisa liligharimu dola 499, na halikuwa na tundu la waya wa mtandao, wala tundu la USB, wala nafasi ya laini ya simu, kwani toleo lenye laini lilikuja tarehe 30 Aprili. Kwa hiyo njia pekee ambayo toleo hilo la kwanza lingeweza kuitumia kufika kwenye intaneti ilikuwa Wi-Fi, yaani mawimbi ya redio ya masafa mafupi yanayorushwa na ruta, kile kisanduku chenye vitaa kinachogawa intaneti nyumbani au ofisini. Mtu angedhani kwamba chombo chenye njia moja tu ya kutokea kingetengenezewa njia hiyo kwa uangalifu kuliko sehemu yake nyingine yoyote. Mtu huyo, bila shaka, hajawahi kufanya kazi Cupertino.

Haikupita wiki kabla malalamiko hayajaanza. Wapo waliosema kwamba kishikwambi kilionyesha alama hafifu ya mawimbi mahali ambapo kompyuta ya mapajani, iliyokuwa juu ya meza hiyohiyo, ilipata mawimbi tele. Wapo ambao kasi yao ilipanda na kushuka bila mpangilio. Na wapo ambao kila chombo kilipoamka usingizini, yaani kilipotoka katika ile hali ya kuzima kioo ili kuokoa chaji, kilikuwa kimekwisha kuisahau ruta kiliyokuwa nayo tangu asubuhi, kikaomba nywila upya. Kampuni ilijibu kwa waraka wa huduma kwa wateja, na waraka huo unastahili kuhifadhiwa maktabani kwa ajili ya wanafunzi wa fasihi ya kukwepa. Ulikiri kwamba katika mazingira fulani kishikwambi huenda kisijiunge chenyewe na mtandao kinaoufahamu, kisha, kabla msomaji hajapata nafasi ya kumtafuta mkosaji, ukamwonyesha: baadhi ya ruta zilizotengenezwa na kampuni nyingine. Waliokuwa wakijua bei ya ruta ambazo Kampuni ilikuwa ikiuza wakati huo kwa jina la AirPort waliisoma sentensi hiyo mara mbili.

Ruta zilizolaumiwa ni zile za bendi mbili, yaani zinazorusha mawimbi katika masafa mawili tofauti kwa wakati mmoja: masafa ya gigahezi 2.4, ambayo hufika mbali zaidi na kupenya kuta vizuri zaidi lakini yamejaa vifaa vya kila aina, hata jiko la maikrowevu humo hupiga kelele zake; na masafa ya gigahezi 5, ambayo yana nafasi na kasi kubwa lakini huchoka yakikutana na ukuta wa pili. Wenye ruta hizo wengi huyapa masafa yote mawili jina moja ili kila kifaa kijichagulie penye unafuu. Kishikwambi kilishindwa kuchagua hasa pale ambapo jina lilikuwa moja lakini aina ya ulinzi wa nywila ilitofautiana kati ya bendi na bendi. Dawa iliyotolewa ilikuwa kwamba mwenye nyumba aingie katika mipangilio ya ruta yake, ayatenganishe majina kwa kuliongezea moja herufi G na jingine herufi N, kisha ahakikishe kwamba ulinzi wa bendi zote mbili ni wa aina moja. Ikumbukwe kwamba chombo hiki kilinadiwa kuwa kompyuta isiyohitaji ujuzi wowote, ambayo mtu huishika tu na kuielewa. Mwalimu aliyekinunua ili asome gazeti kitandani akajikuta mhandisi wa mitandao kabla ya chai ya asubuhi, na cheo hicho, kwa kadiri inavyofahamika, hakikuambatana na nyongeza ya mshahara.

Waraka wa baadaye ulizidi kwenda kina. Uliwashauri wateja waiboreshe programu ya ruta zao, wazime Wi-Fi na kuiwasha tena, waache ulinzi wa zamani wa aina ya WEP na kuhamia WPA, yote yakiwa mashauri ambayo fundi yeyote wa mtaani angeyatoa huku akitazama pembeni. Kisha, katikati ya mashauri hayo ya kawaida, ukawataka wahakikishe kwamba mwanga wa kioo haujashushwa hadi kiwango cha mwisho. Uhusiano kati ya mwanga wa kioo na mawimbi ya redio uliachwa kwa imani ya mteja. Mume aliyekuwa amelala gizani ubavuni mwa mkewe, akaushusha mwanga ili asimwamshe, alitakiwa achague kati ya intaneti na amani ya ndoa. Haiwezekani kukadiria ni nyumba ngapi zilichagua nini, ila inaweza kusemwa kwa uhakika kwamba hakuna mtengenezaji mwingine wa vifaa vya mawasiliano aliyewahi kulipeleka tatizo la antena chumbani kwa watu kwa ujasiri wa namna hiyo.

Jambo jingine haliwezi kuhusishwa na ruta ya bei rahisi wala chumba chenye giza, kwa sababu lilitokea katika Chuo Kikuu cha Princeton, New Jersey, ambako watunza mtandao wana desturi ya kupima kabla ya kusema. Ili lieleweke, ni lazima ielezwe kwanza kwamba kifaa kinapojiunga na mtandao hupewa anwani, yaani namba ya kukitambulisha, na kwamba anwani hiyo haitolewi moja kwa moja bali hukodishwa kwa muda maalumu na seva inayozigawa, kwa utaratibu unaojulikana kwa kifupi kama DHCP. Muda unapokaribia kwisha kifaa hupaswa kuomba nyongeza; kisipoomba, kinatakiwa kuiacha anwani, nayo seva huwa huru kuipa kifaa kingine. Watu wa Princeton waligundua kwamba iPad ilikodi anwani vizuri, ikaongeza muda kwa adabu, kisha wakati fulani ikaacha kuongeza lakini ikaendelea kuitumia anwani ileile. Kwa lugha ya nyumba za kupanga, huyu ni mpangaji ambaye kodi yake imekwisha, hajalipa nyingine, hajatoa hata salamu kwa mwenye nyumba, na bado anaanika nguo uani. Siku mpangaji mpya anapofika na mzigo wake na risiti mkononi, anamkuta wa zamani sebuleni akitazama filamu. Mtandaoni, vifaa viwili vikidai anwani moja huvurugana, na anayeumia mara nyingi ni yule aliyelipa. Chuo kiliwafanyia wapangaji hao kile ambacho mwenye nyumba yeyote angefanya, kikavizuia baadhi ya vishikwambi kuingia katika mtandao wake, na kikaipelekea Kampuni matokeo ya uchunguzi. Hapa hapakuwa na ruta ya jirani ya kusingiziwa, na labda ndiyo maana ufasaha wa waraka wa kwanza haukuonekana tena.

Katika mwezi uleule wa Aprili 2010 iPad ilipoingia madukani, Wizara ya Mawasiliano ya Israel ilizuia iPad zisiingizwe nchini humo, kwa wasiwasi kwamba Wi-Fi yake, iliyofuata viwango vya Marekani, ingeweza kuzidi nguvu iliyoruhusiwa huko. Zuio hilo liliondolewa kabla ya mwezi kwisha. Kampuni inapaswa kupewa heshima yake: si kila siku chombo hushutumiwa katika nchi moja kwa mawimbi kuzidi na katika nchi nyingine kwa mawimbi kutoonekana.

Tukio la tarehe 7 Juni 2010 linahitaji kusimuliwa kwa utulivu zaidi, kwa kuwa linaonyesha jinsi tatizo la Wi-Fi linavyotatuliwa linapompata mwenye mamlaka. Siku hiyo Steve Jobs alikuwa jukwaani San Francisco akiitambulisha simu ya iPhone 4, na mbele ya umati ukurasa wa gazeti aliotaka kuuonyesha ukagoma kufunguka. Sababu ilikuwa msongamano wa mawimbi: masafa ya gigahezi 2.4 nchini Marekani yamegawanywa katika chaneli 11, lakini chaneli hizo zinapandana kiasi kwamba ni tatu tu, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, zinazoweza kutumika bila kuingiliana. Na ukumbini, kwa maelezo ya Jobs mwenyewe, vilikuwamo vituo 570 vya kurushia Wi-Fi, vingi vikiwa ni vifaa vidogo walivyokuja navyo waandishi wa habari. Jobs hakutenganisha majina ya mtandao kwa herufi G na N, wala hakuangalia kiwango cha mwanga wa kioo. Aliwaomba watu waliohudhuria wazime vifaa vyao na waziweke kompyuta zao sakafuni. Dawa hiyo ndiyo pekee, miongoni mwa zote zilizotajwa katika barua hii, ambayo ina msingi thabiti wa kisayansi, na inasikitisha kwamba haikuwekwa katika waraka wa wateja. Mkazi wa ghorofa ya nne mwenye majirani juu, chini na ubavuni angefurahi sana kupewa uwezo wa kuwaamuru wote wazime ruta zao mpaka amalize kusoma barua pepe.

Tiba rasmi ilifika tarehe 15 Julai 2010, ikiwa ni sasisho la programu lenye namba 3.2.1, likiwa na maelezo mafupi kwamba limeboresha muunganisho wa Wi-Fi, bila neno juu ya kilichokuwa kimeharibika. Kilichofaa kuangaliwa kwa karibu ni jinsi mteja alivyolipata. Uwezo wa kusasisha kishikwambi kupitia hewani ulikuja na toleo la 5 la programu hiyo, Oktoba 2011; kabla ya hapo mnunuzi alilazimika kuwasha kompyuta ya kawaida, kufungua programu ya iTunes, kuchomeka waya, na kusubiri. Kwa maneno mengine, chombo kilichotangazwa kuwa cha kimapinduzi, na kilichonyimwa tundu la waya wa mtandao na la USB kana kwamba zama za waya zimepita, kilipougua ugonjwa wa kutoshika mawimbi kilitibiwa na kompyuta, kwa waya. Kesho yake Kampuni iliita waandishi wa habari kuzungumzia antena ya iPhone 4, ambayo ilipoteza mawimbi iliposhikwa kwa namna fulani, na ikaahidi kuwapa wanunuzi vifuniko vya bure; wenye iPad hawakupewa hata kifuniko.

Haki inadai isemwe kwamba wengine nao wamo. Kishikwambi cha Transformer Prime cha kampuni ya ASUS, kilichotoka mwishoni mwa 2011 kikiwa na mgongo mzuri wa alumini, kilisumbua kwa Wi-Fi na kwa GPS, yaani mfumo wa satelaiti wa kutambua mahali, kwa kuwa metali huzuia mawimbi. ASUS ilikiondoa kipengele cha GPS katika orodha ya sifa za chombo hicho, baadaye ikawapa wanunuzi kifaa cha kuchomeka bila malipo, na kishikwambi chake cha baadaye kikaja na ukanda wa plastiki mgongoni. Mtu anaweza kuikejeli ASUS kwa kuchelewa kukumbuka jambo linalofundishwa sekondari, lakini ukanda ule wa plastiki ulikuwa ungamo linaloonekana kwa macho, na Kampuni haikuwahi kutoa lake.

Kutokana na hayo yote, Kampuni inaombwa ianze kuwalipa ujira wanunuzi wa siku ya kwanza, kwa kuwa mtu anayekijaribu chombo ambacho hakijakamilika, akaandika kasoro zake na kuzituma kwa mtengenezaji, anafanya kazi ya mkaguzi, na wakaguzi hawalipi dola 499 ili waajiriwe. Endapo bajeti haitaruhusu, basi vishikwambi vijavyo vijaribiwe nje ya majengo ya Kampuni, katika nyumba ya kawaida yenye ruta ya kawaida na majirani wa kawaida, kabla ya tarehe ya uzinduzi kutangazwa. Na waraka wowote utakaotolewa baadaye uanze kwa kueleza kilichoharibika ndani ya chombo na siku Kampuni ilipokigundua, ndipo ufuate ushauri kuhusu mali za watu wengine.

Kwa niaba ya wanunuzi wa tarehe 3 Aprili 2010,

Mtumiaji wa Wi-Fi.

Nakala: Watengenezaji wa ruta, kwa taarifa na pole.