Ukimtaka Babu, Mtafute Dada Yake

Usianzie komine. Najua ndiko miguu inakotaka kukupeleka: unafika Bukavu jioni, unalala Nguba kwa binamu, na asubuhi umeshapanga foleni kwenye dirisha la eta-sivili la Ibanda au Kadutu, ukiuliza kama wana kitabu chenye jina la baba wa babu yako. Karani atakutazama kwa huruma. Toka hapo upande gari la Walungu, la Kabare au la Katana, popote ukoo wako ulikotokea, ukamwone yule mama mzee aliyebaki ambaye ni dada wa babu yako. Kama amekwisha kufa, tafuta jina lake. Jina tu linatosha kuanzia.

Sababu iko katika namna Bashi, yaani watu wa Bushi kuzunguka Bukavu, wanavyoitana. Mwanamume wa zamani alikuwa na jina lake peke yake, hakulirithi kwa baba. Cikuru anaweza kumzaa Birindwa, Birindwa akamzaa Aganze, na katika majina hayo matatu hakuna alama yoyote ya kwamba ni mlango mmoja. Mwanamke, mara nyingi, huitwa kwa jina la baba yake likitanguliwa na M'. M'Zihalirwa ni binti Zihalirwa. Basi ukikwama kwa babu yako Cikuru, ambaye kadi yake imeandikwa Cikuru na kuishia hapo, dada yake aliyeolewa kilima cha pili ndiye anayetembea na jina unalolitafuta. Jamii inayohesabu ukoo kwa wanaume imewaachia wanawake kutunza majina ya wanaume hao. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika mwongozo huu, na kama una haraka ya kurudi Kinshasa au Brussels unaweza kuishia aya hii na bado utaondoka na kitu.

Ukifika kwake, fika na mtu anayejulikana pale, mchana, watu wakiwa wametoka shambani, na siku isiyo ya soko. Peleka sukari, chumvi na sabuni. Kama kuna wazee wa kiume, ongeza kasiksi, pombe ya ndizi. Daftari libaki mfukoni mpaka salamu ziishe, na salamu za Bushi zina mihogo, ng'ombe na wajukuu wote ndani yake. Kisha sema sentensi hii kabla ya swali lolote, na uiseme kwa sauti ambayo majirani wataisikia: "Mama, sikuja kudai shamba." Mjukuu anayeshuka kutoka mbali akiuliza babu yake aliishi wapi na mpaka wake ulifika mti gani ni tishio kwa kila anayelima hapo. Usipoisema, utaambiwa kwamba babu yako hakuwahi kuwapo. Na uiseme ikiwa ni kweli.

Usimwulize alizaliwa mwaka gani. Uliza nini kilikuwa kinatokea. Wabelgiji walimpeleka mwami wa Kabare, Rugemaninzi, uhamishoni miaka ya 1930, akarudi uhuru ulipofika mwaka 1960: huko ni kuondoka na kurudi kunakogawa maisha ya wazee wengi sehemu mbili. Mwaka 1967, kuanzia Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba, mamluki wa Jean Schramme waliushika mji wa Bukavu. Desemba 1979 Mobutu alifuta noti za zaire tano na zaire kumi, na watu wakabaki na karatasi mikononi wakati wa Noeli. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka mto Ruzizi. "Mama, vita ya Schramme ilikukuta na watoto wangapi?" Akijibu kwamba alikuwa na wawili na wa tatu yuko tumboni, umepata tarehe iliyo nzuri kuliko ile ya kitambulisho, ambacho kwa watu wa umri wake mara nyingi kina mwaka wa kukisia tu.

Sasa omba kuona sanduku. Kila nyumba ina sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani yake, chini ya vitenge, kuna makaratasi ambayo hakuna aliyeyatupa kwa sababu hakuna aliyejua kama serikali itayataka tena: kitabu cha utambulisho cha wakati wa Wabelgiji chenye mihuri ya kodi ya kichwa, kadi ya MPR, chama cha Mobutu, risiti, kadi ya ubatizo. Iliyo muhimu ni hii ya mwisho, maana huwa na namba. Nakili namba hiyo kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa inakupeleka kwenye mstari mmoja katika kitabu kimoja cha parokia moja.

Parokia ndiyo ofisi bora ya kumbukumbu tuliyo nayo. Mapadri Weupe walifungua misheni Nyangezi mwaka 1906, na nyingine zikafuata Katana, Kabare na Burhale. Walikuwa watu wa kuandika. Mstari mmoja wa ubatizo unaweka jina la mbatizwa, baba, mama, msimamizi, tarehe na padri. Sasa rudi kwenye lile jambo letu: jina la mama likiwa na M', mstari huo umekupa pia baba wa mama, yaani vizazi vitatu kwa wino mmoja. Baba wa baba hayumo. Huyo utampata ukitafuta mistari ya dada za baba, katika kitabu hichohicho, miaka michache mbele au nyuma. Tafuta pia waliobatizwa watu wazima. Mapadri hao walidai miaka kadhaa ya mafundisho kabla ya maji, kwa hiyo mtu aliyebatizwa ana miaka thelathini anakuandikia wazazi waliozaliwa kabla Mzungu yeyote hajaishi Bushi.

Kisha soma pembeni. Sheria ya Kanisa inaagiza kipaimara na ndoa ya mtu viandikwe kando ya ubatizo wake, hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine. Ile sentensi ndogo iliyobanwa ukingoni, yenye jina la mume na la parokia ya mbali, ndiyo inayokuambia shangazi aliyepotea alikwenda wapi. Watu wengi hupiga picha mstari na kukata ukingo. Piga ukurasa mzima, baada ya kumwomba padri ruhusa kwa barua yenye namba, miaka na jina la kigango. Kitabu hakitoki nje ya ofisi, na hakipaswi kutoka.

Kama ukoo wako ni wa Kiprotestanti, njia ni nyingine. Kaziba waliingia Wapentekoste wa Norwe miaka ya 1920, na kwao hubatizwa mtu anayeungama mwenyewe, kwa hiyo mwaka wa ubatizo hauko karibu na mwaka wa kuzaliwa. Msome mtu hapo kama mwanachama wa kanisa, si kama mtoto.

Jiandae na tahajia. Aliyeandika alikuwa Mfaransa wa kusoma na Mflemi wa kuzaliwa, akisikia Mashi, lugha ya Bashi. Cikuru atakuwa Tshikuru, atakuwa Chikuru. Murhula atapoteza h yake. L na r zitabadilishana viti. Soma jina kwa sauti mbele ya mzee badala ya kumwonyesha herufi. Halafu kuna mwaka 1972, Mobutu alipoamuru majina ya Kikristo yaachwe. Pierre anatoweka katika makaratasi ya serikali na mahali pake anatokea mtu mwenye majina mawili au matatu ya Kiafrika, wakati parokia inaendelea kumwita Pierre. Usiomboleze hapa. Wengi, walipotakiwa kujaza nafasi ile, walichukua jina la babu. Jina la ziada la 1972 mara nyingi ni babu anayekupungia mkono. Liulizie kwa wazee kabla ya kuliamini, lakini liulizie.

Mahali pia pamebadilika majina. Karatasi inayosema Costermansville inazungumzia Bukavu, ambayo iliitwa hivyo hadi miaka ya 1950, na kwa muda hata jimbo zima lilikuwa na jina hilo. Jimbo la Kivu Kusini lenyewe ni la 1988. Na kama wazee wako ni Bashi wa Luhwinja au Burhinyi, usipoteze siku Walungu: sheferi hizo ziko katika teritwari ya Mwenga.

Nikirudi kwenye komine na ofisi za sheferi, si kwamba hazina kitu. Zina vitabu vya kuzaliwa, na Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inamtaka kila mzazi aandikishe mtoto. Siku hizi ana siku 90. Lakini wengi huandikishwa wakiwa wakubwa, kwa hukumu ya mahakama, siku wanapohitaji pasipoti au mtihani. Karatasi ya namna hiyo inakuambia zaidi mtu alihitaji nini na lini, kuliko inavyokuambia alizaliwa lini. Sensa ya mwisho ya nchi nzima ni ya 1984. Tangu hapo serikali yetu haijatuhesabu, na sisi tunaotafuta wafu wetu tunalipa gharama ya uzembe huo sawa na wanaopanga shule na hospitali.

Mahali ambapo watu wa Bushi walilazimika kutaja babu zao mmoja mmoja, mbele ya mashahidi, ni kwenye kesi za mashamba. Chini ya kalinzi mtu alitoa ng'ombe kwa mwami au kwa mkubwa wa kilima, mashahidi wakiona, akapata ardhi ya kuwarithisha wanawe. Bwasa ilikuwa ya kukodi kwa msimu, haikuacha mrithi wala hadithi. Kwa hiyo anayedai shamba la kalinzi barazani lazima aeleze nani alitoa ng'ombe, nani alishuhudia, nani alimrithi nani mpaka yeye. Daftari la baraza la sheferi, pale lilipohifadhiwa, ni maktaba ya nasaba. Lisome kwa akili. Kila upande unasahau ndugu mmoja, na huwa ni yule ambaye wajukuu wake wangegawana shamba. Linganisha ushahidi wa mdai na wa mdaiwa. Aliyetajwa na mmoja na kufichwa na mwingine, huyo ndiye wa kumfuata. Mama na dada nao hutajwa, kwani mashahidi huulizwa mdai amezaliwa na mke yupi.

Kama babu alipotea kijijini akiwa kijana, fikiria dhahabu. Kampuni ya madini ya MGL, iliyoanzishwa 1923, iliwachukua vijana wa Bushi kwenda Kamituga, na mwaka 1976 ikaunganishwa na nyingine kuwa SOMINKI. Fikiria pia mashamba makubwa ya chai na kwinini. Na usidharau daftari la hospitali. Watafiti wa Bukavu walichukua rejesta za watoto waliotibiwa utapiamlo katika hospitali ya Lwiro kati ya 1988 na 2007, wakaenda vijijini kuwatafuta wakiwa watu wazima, na wakawapata mamia. Daftari la wodi lenye jina, kijiji na mzazi liliwafikisha mlangoni. Ushahidi gani zaidi tunautaka kwamba kitabu cha kijijini, kikitunzwa, kinafanya kazi?

Vingi havikutunzwa. Mji wa Bukavu umepigwa 1964, 1967, 1996, 2004, na Februari 2025 waasi wa M23 wakaingia. Kila mara ofisi huporwa, na karatasi huuzwa kufungia karanga. Ndiyo maana inakubidi wakati mwingine uandike Brussels, ambako nyaraka za utawala wa kikoloni ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji, au Roma kwa Mapadri Weupe, ambao kila nyumba yao iliandika shajara ya misheni. Inaniuma kwamba baba wa babu zetu wanasomeka kwa urahisi zaidi huko. Bukavu kwenyewe pita ISP, chuo cha ualimu kilichofundisha wanahistoria wetu: wanafunzi wake wameandika kazi nyingi za mwisho wa masomo kuhusu sheferi na vijiji vimojavimoja, wakiwahoji wazee ambao leo hawapo. Hakuna anayeziazima. Ziazime.

Utakayoyapata hayatakuwa safi. Mwanahistoria David Newbury alichunguza koo za kisiwa cha Idjwi, akachapisha kitabu chake mwaka 1991, na alichokionyesha ni kwamba ukoo hubadilika: watu huhama, huingia, hupokewa, na baada ya vizazi viwili wanakuwa wenyeji tangu mwanzo. Utamkuta babu aliyetoka Rwanda, au Buhavu, au Burega, na yule dada wa babu atashusha sauti. Heshimu sauti hiyo. Katika Kivu swali la asili limeua watu. Sheria ya uraia ya 1981 ilidai mababu waliokuwa nchini tangu Agosti 1885. Ile ya 2004 ikasogeza kipimo hadi uhuru. Nasaba unayoichora kwa mapenzi inaweza kusomwa na mwingine kama orodha ya kuwafukuza watu. Usiisambaze kwenye simu za ukoo mzima kabla ya kuwauliza walio hai kama wanakubali kuandikwa.

Ukimaliza, toa nakala tatu. Moja mpe yule dada wa babu, hata kama hasomi. Wajukuu wake watamsomea. Moja iache parokiani. Ya tatu ipeleke maktaba ya ISP. Andika kwa wino, anza na wanawake, na chini ya kila jina weka nani alikuambia, mahali gani, siku gani.