Azimio la Kima Punju

Hadithi hii si ya kale. Ni ya Julai tu, msimu wa Mwaka Kogwa. Kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, wanaume walikwisha kutandikana kwa vigogo vya migomba hadi kinyongo kikawatoka, kibanda cha makuti kikatiwa moto, na mwaka ukawa mpya. Moshi ulipofika msitu wa Jozani, Kenge, ambaye ndiye sheha wa huko, akakohoa na kusema: "Binadamu wanaanza upya, sisi tumekaa tu kama mizizi. Kesho kila mmoja aje na azimio lake."

Kunguru akateuliwa katibu. Wazee walinong'ona kwamba hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa kutoka India miaka ya 1890, tena waje kula taka, na leo ndio wanaoshika daftari. Walinong'ona tu, basi.

Wa kwanza kusimama alikuwa Kima Punju, midomo myeusi tii. Sababu inajulikana. Kima anapenda majani machanga ya mikungu na miembe ya watu, na majani hayo yana sumu inayomvuruga tumbo. Basi huteremka hadi kwenye tanuri la makaa, au jikoni kwa mtu akiona mlango wazi. Huchagua kipande, hukigeuza, hukinusa, hukipukuta jivu, kisha hukitafuna taratibu kama ajuza na tambuu yake. Makaa yananyonya sumu, tumbo linatulia. Kinachobaki ni masizi mdomoni na vicheko vya majirani.

"Kuanzia leo," akasema, "makaa basi!" Akanyanyua mkono wa kiapo, vidole vinne vimesimama, gumba la maana hana, wala ukoo wake mzima hauna. Makofi yakatikisa matawi.

Akafuata Komba, ambaye watu walishamtia katika semi: mlevi kama komba. Akaapa kutogusa tena kibuyu cha mgema, akalia kama mtoto mchanga. Ndiyo sauti yake siku zote, lakini siku ile tuliamini. Kunguru naye akajiandikia azimio la kuacha wizi, kwa kalamu ambayo hakuna aliyejua kaitoa wapi.

Ndipo Paa Nunga, ambaye kwa kawaida humsikii, akauliza: "Samahani sheha, na majani ya mkungu je?"

"Bi. Paa, ajenda ni makaa."

"Si ndiyo majani yanayomuuma?"

Wakamcheka. Wewe unayeokota huko chini anachodondosha Kima, leo unataka aache kula? Mzee Kobe peke yake hakucheka. Aliuliza tu kama wenzake walikuja kuazimia au kuazima, maana kitu cha kuazima mwenyewe huja kukidai. Kunguru hakuandika hilo.

Siku zilizofuata zilikuwa za pongezi. Kima akaitwa Mheshimiwa. Akaalikwa kunasihi vijana juu ya uthabiti, akawaonyesha midomo yake, safi kama ya mtoto wa jana. Mimi naona hapo ndipo mambo yalipoharibika: kibarua kalipwa ujira wote, jembe bado liko begani.

Siku zenyewe alizihesabu kwa vidole. Mkono wa kwanza ulipita kwa raha. Alipoanza wa pili, tumbo likaanza kunguruma. Siku ya sita hakulala. Ya saba alikuwa amejikunja chini ya mkungu, jani bichi bado liko mdomoni, akiwaambia wapita njia kwamba hiyo ndiyo gharama ya kuwa na msimamo. Usiku wa nane akateremka kimyakimya hadi kwenye tanuri. Mkono ulikuwa umeshagusa kipande cha makaa aliposikia kitu kikichuruzika juu ya mnazi. Akatazama juu. Kichwa cha Komba kimo kibuyuni, mkia nje.

"Mheshimiwa!"

"Mheshimiwa! Wafanya nini huku usiku?"

"Nakagua."

"Na mimi nakagua."

Wakakagua hadi alfajiri.

Asubuhi Kima akaenda kwa katibu, kajifunika mdomo kwa kiganja, akataka hesabu ifungwe. Vidole vyote vinane vimekwisha, na zaidi ya hapo yeye hajui kuhesabu. Kunguru akatazama vidole, akatazama midomo, akaandika: Limetekelezwa kikamilifu. Kenge akapiga muhuri. La Komba likaandikwa hivyo hivyo, na la kalamu halikuulizwa.

Siku hiyo hiyo Paa Nunga alionekana chini ya mkungu ule ule akiokota yanayodondoka, na juu kulikuwa na mlo kama kawaida.

Mkutano ujao ni Julai, moto wa Makunduchi ukishazimika. Anayetaka kuandikisha azimio aje na kalamu yake mwenyewe. Ile ya katibu, mwenyewe keshaidai, na Kunguru siku hizi anaandikia makaa.